Mama yuko kwenye tuktuk, nami niko nyuma yake na gari la spoti

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mkazi wa Diani, na kwa miaka 18 nimefanya kazi ya uwakala wa forodha katika bandari ya Mombasa. Riziki yangu inatokana na kuwatolea watu magari yao bandarini. Nimeshika makaratasi ya magari yasiyohesabika yaliyoshuka melini kutoka Japani, na kila nilipomkabidhi mtu funguo zake nilijiambia kwamba iko siku nitajitolea langu, tena si la kubebea mizigo wala la kupakia watu saba, bali lile nililolitamani tangu usichana wangu. Kabla siku hiyo haijafika niliwasomesha wadogo zangu watatu, nikajenga nyumba, nikaolewa, nikaachika, nikamlea mwanangu ambaye sasa ana miaka 13, na nikamchukua mama yangu mzazi nikae naye.

Mwanzoni mwa 2024 niliagiza Nissan Fairlady Z ya mwaka 2017, nyekundu, ya gia za mkono, ikaingia ikiwa bado ndani ya ile miaka 8 ambayo sheria yetu inaruhusu. Injini yake ina ujazo wa sentimita 3,696, na kwa kuwa imevuka 3,000 ililazimu nilipe ushuru wa bidhaa wa asilimia 35, ambao niliujaza kwenye fomu mimi mwenyewe, na wallahi mkono haukunitetemeka. Ili kutimiza pesa niliiuza Toyota yangu ya zamani.

Tangu hapo hilo ndilo gari langu la kila siku. Asubuhi natoka Diani, napita Ukunda na Ng'ombeni hadi Likoni, navuka kwa feri, naingia kisiwani hadi ofisini karibu na Kilindini, na jioni narudi njia ile ile. Gari liko chini sana. Kati ya tumbo lake na lami pana uwazi wa kama nusu ya shubiri. Matuta ya njiani nimeyahifadhi yote, najua lipi huvukwa moja kwa moja na lipi hukatwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, huku matatu zikinipigia honi nyuma. Feri ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Maji yakikupwa, hasa siku za bamvua, njia ya kuingilia huwa na mteremko mkali, na mwezi Machi bampa la mbele lilikwaruza chuma kwa mlio uliowageuza abiria wote wa miguu. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mama, shuka ulibebe!" Siku hizi natazama jedwali la maji kujaa na kupwa kama mvuvi, na nikiona saa zangu zimegongana na maji, ama naondoka nyumbani alfajiri ama nachelewa kazini.

Foleni ya kungojea feri nayo iko kwenye mteremko, nasogea hatua tatu nasimama, na klachi yake ni nzito. Mwaka jana silinda ya klachi, ambayo kwa gari hili imefichwa ndani ya giaboksi, ilianza kuvuja, pedali ikazama sakafuni nikiwa katikati ya foleni, na fundi akalazimika kuishusha giaboksi nzima ili abadilishe kitu ninachoweza kukifumbata kiganjani. Kwa mwendo wangu wa kilomita 1,600 hivi kwa mwezi linakwenda kilomita 7 kwa lita, ilhali Toyota ilikuwa inakwenda 14.

Hayo ningeyavumilia, kwa sababu kati ya Ukunda na Ng'ombeni, asubuhi kabla watoto wa shule hawajaanza kuvuka barabara, nikashusha vioo na injini ikapanda, nahisi kifua changu kinafunguka na ile miaka yote ya kungoja inanirudishia chake. Tatizo ni mama. Ana miaka 74, magoti yake ni mabovu, na kiti cha gari hili kiko chini kiasi kwamba akijaribu kuketi anaanguka nacho, na kutoka hawezi bila ya watu wawili kumvuta. Tena viti ni viwili tu, kwa hiyo mwanangu akiwemo, mama hana pa kukaa hata angeweza kuingia. Kila mwezi ana kliniki yake Ukunda. Sasa namkodishia tuktuk, nami nafuata nyuma na gari ili nikishamwingiza kwa daktari niendelee kazini. Mwezi uliopita tulipita mbele ya baraza la jirani tukiwa katika mpango huo, mama ametangulia kwenye tuktuk akirushwarushwa na mashimo, mimi nyuma nikinguruma na injini ya nguvu za farasi 336, na watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mama hakusema kitu.

Aliyesema ni mdogo wangu wa kiume, mmoja wa wale niliowalipia karo hadi chuo kikuu. Alinipigia simu usiku huo, akasema gari hili halikuumbwa kwa barabara zetu, kwamba namdhalilisha mama, na kwamba mwanamke mwenye akili angeliuza akanunua gari la familia. Nilimjibu kwamba Datsun 240Z, ambayo ndiyo babu wa Fairlady yangu, ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1971 na tena 1973 kwenye matope ya nchi hizi hizi. Akakata simu.

Wapo wanaonishauri nilifunike turubai niliendeshe Jumapili tu, lakini mimi naona gari lisiloendeshwa ni sanamu, na sikulipa ushuru wote ule ili ninunue sanamu. Kuliuza nako naona kama kukiri mbele ya ukoo mzima kwamba sikustahili kitu kizuri. Bi Mshauri, je, huu ni ubinafsi?

Mwenye Milango Miwili, Diani

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwenye tuktuk, na naomba uniwie radhi. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu niliiona picha hiyo kwa macho ya aliyekuwa nyuma ya usukani. Nikikuelewa vyema, umepata kwa jasho lako kitu ulichokitamani kwa muda mrefu, baada ya kuwatanguliza wengine miaka mingi, ukaamua kwamba hakitakuwa pambo bali kitafanya kazi zote: ya ofisini, ya mwanao, ya sokoni na ya kumpeleka mama kliniki. Zile tatu za kwanza gari linazifanya kwa taabu, na ya nne haliiwezi kabisa. Mdogo wako amelikusanya hilo lote akalitia katika neno moja, uza, nawe umelikusanya katika neno jingine, ubinafsi. Naona maneno yote mawili yametangulia mno, na kabla hatujayafikia yapo mambo yaliyomo ndani ya barua yako ambayo ningependa tuyatazame polepole.

Nianze na hoja ya barabara, maana hapo ndipo wewe na mdogo wako mlipokatiana simu. Uliyoyasema ni kweli: mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews kwa gari la aina hiyo hiyo. Hivyo anayesema ukoo wa gari lako ni mgeni kwenye udongo wetu hajui historia. Lakini nakuomba uipime na hoja yako pia. Magari yale yalitayarishwa mahususi kwa mashimo na matope, mafundi walikuwa wakiyangojea njiani na spea mkononi, na kazi yake ilikuwa ya siku chache kisha yakapumzishwa. Lako linatoka kiwandani likiwa limeinamia lami, tairi zake za nyuma kwa magurudumu ya inchi 19 zina upana wa milimita 275 na ubavu ambao ni asilimia 35 tu ya upana huo, yaani mpira mwembamba sana kati ya chuma na shimo, nalo linafanya safari yake siku sita kwa wiki bila ya kundi la mafundi wanaolingojea Ng'ombeni. Ushindi wa babu si ushahidi wa kutosha kuhusu mjukuu, ingawa namwelewa dada aliyeutumia usiku ule, kwani alikuwa ameguswa pabaya.

Jambo la pili ni furaha yenyewe. Umeieleza kwa maneno mazuri, na sikusudii kuipunguza hata chembe. Nimeona tu kwamba katika mwendo wote wa kila siku umeitaja mara moja, katika kipande cha kati ya Ukunda na Ng'ombeni, asubuhi. Kuhusu Likoni umeniandikia klachi, bampa, bamvua na kijana mwenye ulimi mrefu. Kuhusu kisiwani hukuandika hata neno, na nadhani najua sababu, kwa kuwa mjini mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa na kwenye msongamano wetu hata huo haufikiwi, hivyo farasi wako 336 wanatembea nyuma ya mkokoteni wa maji. Tena nguzo za nyuma za gari lile ni nene na kioo chake ni chembamba, na tuktuk ikijibanza ubavuni huioni mpaka imekugusa. Je, ungekubali kubeba daftari dogo kwa muda wa wiki mbili, ukaandika kila siku ni wapi ulifurahi kuwa ndani ya gari hilo na ni wapi ulikuwa unalihurumia au unajihurumia? Huenda ukagundua kwamba furaha ni nyingi kuliko ulivyoniandikia, na huenda ukagundua kwamba unailipia safari ya saa mbili kwa ajili ya dakika kumi na tano. Vyote viwili vinawezekana, na hata dakika kumi na tano kwa mtu aliyengoja miaka 18 si kitu cha kudharauliwa.

Kuhusu sanamu na turubai, hapo umeniwekea njia mbili tu, na mimi naona kati yake pana nafasi kubwa. Ni kweli gari la namna hiyo halipendi kusahauliwa: betri hufa, tairi hubonyea mahali pamoja, na kwenu Diani hewa ya chumvi haisubiri ruhusa kuanza kula chuma. Lakini kulitumia kwa kila kazi nako si kulitunza, maana kusogea na kusimama katika joto la Februari huichosha klachi na kuipasha injini bila ya upepo wa kuipoza, na nadhani silinda ile iliyovuja ilikuwa inakueleza hivyo. Gari linaloendeshwa mara mbili au tatu kwa wiki, safari ya kutosha injini ipate moto wake sawasawa, si sanamu.

Sasa tuzitazame njia ulizonazo, na kila moja ina bei yake ambayo wewe mwenyewe utaipima.

Unaweza kuendelea kulitumia kila siku lakini ukabadili njia. Unajua kuliko mimi kwamba barabara ya Dongo Kundu sasa inaunganisha Kibundani na Miritini, nayo ni lami mpya isiyo na feri wala bamvua. Ukipita huko utaongeza kilomita, na kwa gari la kilomita 7 kwa lita kilomita huhesabika, kisha utashukia kwenye malori ya Changamwe kabla hujafika Makupa, penye kuingilia kisiwani. Walakini bampa lako halitakwaruza chuma tena na utapata kipande kingine cha barabara kinacholifaa gari hilo. Wapo pia wanaoyainua magari ya aina hii kidogo au wakayavalisha magurudumu madogo yenye mpira mnene. Hilo husaidia kwenye matuta, ingawa hubadilisha namna gari linavyokamata kona, na ni lazima umweleze wa bima, asije akakuambia siku ya ajali kwamba gari aliloliandikia si lile aliloliona. Hata hivyo, haya yote yanatibu barabara tu. Goti la mama haliponi kwa Dongo Kundu.

Unaweza kununua gari dogo la pili, la kuvukia feri na la kumpakia mama, ukaliacha hili kwa siku zake. Watu wengi watakupa ushauri huo upesi, na nami nauona una busara nyingi, lakini usinunue ukiwa bado na hasira za simu ile. Utakuwa na bima mbili, matengenezo mawili na mahali pawili pa kuegesha penye kivuli. Iko hatari nyingine ndogo isiyosemwa sana: gari lisilo na adha huzoeleka, na baada ya mwaka mmoja utajikuta unachukua funguo zake hata Jumapili, kwa sababu ya uvivu tu. Mimi naendesha gari dogo ambalo hakuna anayeligeukia barabarani, kwa hiyo hapa nasema ninachokijua.

Unaweza kuliuza. Hesabu za hilo unazo wewe, uliyekaa bandarini miaka yote hiyo, na unajua kwamba wanunuzi wa gari la viti viwili ni wachache na kila mmoja hujifanya hana haraka. Ule ushuru wa asilimia 35 hakuna atakayekurudishia. Kwa upande wa pili ungepunguza mafuta kwa nusu na kuacha kuishi kwa jedwali la maji. Kinachonitia wasiwasi ni maana uliyokwisha kuupa uuzaji huo kabla haujatokea, kwamba ni kukiri hukustahili. Ukiuza na maana hiyo ikiwa bado imekaa moyoni, utamkumbusha mdogo wako jambo hilo kila Idi bila ya kufungua mdomo. Mwenzako mmoja angeweza kuliuza gari lile lile kwa sababu tu amelifaidi ameshiba, na asijione ameshindwa na mtu. Sijui wewe ungekuwa yupi kati ya hao wawili. Nakuomba ujiulize kabla ya kumwita dalali.

Upo na mpango wa katikati, wa kulibadilisha kwa gari la milango minne lenye nguvu. Sikukusudia kuutaja, kwa kuwa mara nyingi humpa mama kiti cha kubanana na humpa binti gari asilolipenda, lakini wapo wanaofurahia, na huenda ukawa mmoja wao.

Sasa nirudi kwenye lile baraza la jirani. Mdogo wako alisema unamdhalilisha mama. Majirani walicheka. Kijana wa feri alipiga kelele. Wewe mwenyewe umeandika mengi na mazuri. Katika barua nzima, mama hajasema hata sentensi moja. Umeniandikia kwamba hakusema kitu, ukaendelea na ya mdogo wako kana kwamba yeye ndiye mkalimani wa kimya hicho. Mimi kimya cha mtu wa miaka 74 siwezi kukitafsiri kutoka huku niliko. Inawezekana aliumia. Inawezekana pia aliona watu wanacheka akawa hana habari nao, kwa sababu binti aliyewalea ndugu zake amefika mahali pa kuwa na kitu chake. Na inawezekana kilichomsumbua si gari lako, ni mashimo ya njia ile, na angefurahi kupata teksi yenye kiti cha kawaida. Hayo ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Kumwuliza hakugharimu lita hata moja ya petroli, ingawa najua kwamba huogopwa kuliko petroli.

Nami nina swali dogo kuhusu mpango wenyewe wa siku ya kliniki. Uliandika kwamba unafuata nyuma ili uendelee kazini. Ni mara moja kwa mwezi. Je, siku hiyo moja haiwezekani gari likabaki nyumbani, ukakodi teksi ukaketi na mama kiti cha nyuma, na ofisini ukafika mchana kwa matatu na feri ya miguu? Sisemi hivyo ndivyo inavyopasa, kwani sijui mwajiri wako ana moyo gani, wala sijui ni mara ngapi umekwisha kuomba ruhusa. Nasema tu kwamba picha iliyokuumiza ilikuwa na magari mawili na watu wawili waliotengana, na ningependa kujua ni kipi kati ya hivyo kilichokuchoma zaidi.

Umeniuliza kama huu ni ubinafsi. Mtu anayeandika kurasa zote hizi kwa sababu mama yake alirushwarushwa na mashimo ya kilomita chache hanijii akilini kama mbinafsi; ananijia kama mtu ambaye hajazoea kuwa na kitu kisicho cha wengine, na kila anapokishika anatazama mlangoni kuona nani anakuja kukidai. Pengine nimekosea, nawe utanisahihisha. Mdogo wako pia usimfungie mlango, kwa sababu huenda maneno yake makali yalitokana na aibu ya kutokuwepo siku za kliniki, na wewe si wa kulazimika kuibeba aibu hiyo, ila unaweza kumwuliza kama mwezi ujao zamu inaweza kuwa yake.

Na ikiwa utamwuliza mama akakwambia, kama baadhi ya wazee wanavyoshangaza, kwamba angependa siku moja apande hilo gari jekundu, usimtie kwa mguu kama unavyoingia wewe. Liegeshe mahali palipoinuka, upande wa mlango wake uwe kwenye ukingo, kisukume kiti nyuma hadi mwisho, weka mto mgumu juu yake ili kimo kipande, naye aingie kwa kuketi kwanza akiwa amekipa kiti mgongo, kisha umgeuzie miguu yote miwili pamoja kuingia ndani. Wakati wa kutoka, geuza miguu kwanza. Mwanao anaweza kushika mlango, maana milango ya magari hayo ni mirefu na upepo wa pwani huivuta.